Swichi ya Juu Imefungwa

Bwenini, 6 Mei

Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si msichana ninayelala kitanda cha juu yake: mkono wa roboti ya shule niliuvunja mimi, na sikuugusa hata kwa kidole. Niliuvunja kwa neno moja la Kiswahili.

Shikamoo. Najua barua huanza na salamu, lakini ningeanza na salamu ningeishia kwenye salamu, unanijua. Natumaini hujambo, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa likizo umetulia, na bado unapanda ngazi za watu kwa miguu ukienda kuwatengenezea lifti. Mimi mwili mzima. Simu hapa ni marufuku, ndiyo maana nakuandikia. Na hata zingeruhusiwa ningekuandikia, maana kwenye simu ungenisikia nikinyamaza tu.

Wewe ndiye fundi pekee ninayemjua, na lifti ni mota inayopandisha kitu na inayotakiwa ijue mahali pa kusimama. Roboti yetu ni hivyohivyo, ila ndogo na ya aibu.

Klabu tuko wanafunzi watatu na mwalimu mmoja wa fizikia. Nahodha ni kijana tunayemwita Mheshimiwa, kwa sababu anavaa tai hata Jumamosi na hawezi kuomba bisibisi bila kuanza na "ndugu zangu". Yeye anaandika programu. Waya zote ni kazi ya msichana tunayemwita Koleo, maana anatembea na koleo kwenye mfuko wa sketi, hata kwenye mtihani wa historia. Mimi ni karani. Nilisoma shule ya Kiingereza kabla baba hajanihamishia huku, kwa hiyo kitabu cha maelekezo, ambacho ni Kiingereza kitupu, napewa mimi nikigeuze Kiswahili kwenye karatasi za kazi. Daftari la kazi pia naandika mimi. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyependa kutazamwa.

Roboti ina mkono unaopanda kwenye reli mbili, unainua kreti na kuiweka kwenye rafu. Mota inavuta kamba, mkono unapanda. Juu kabisa kuna swichi ya kikomo, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye ulimi wa bati. Mkono ukigusa ulimi, programu inajua tumefika na mota inasimama. Mota yenyewe haijui juu ni wapi. Ingeachwa ingepanda mpaka mbinguni.

Jumamosi yalikuwa maonyesho. Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza alisinzia. Wa pili aliuliza roboti inaitwaje, na hilo ndilo swali pekee aliloliona la maana. Mheshimiwa akajibu, "Mkono wa Taifa la Kesho," bila kucheka, Shangazi, bila kucheka kabisa. Wa tatu akaandika jina hilo taratibu kama anajaza cheti cha ndoa.

Mkono ukapanda. Ukafika juu, ukagusa ulimi wa swichi, tak, nimeusikia kwa masikio yangu, halafu ukaendelea kupanda. Mheshimiwa alikuwa ameipa roboti mgongo, anasema, "Usalama, ndugu zangu, ndio kipaumbele chetu." Mota ikalia kama paka aliyebanwa na mlango. Reli ikapinda, kamba ikakatika, meno ya gia yakaruka kama punje za mahindi, na kreti ikatua kwenye jagi la maji la majaji. Yule aliyesinzia ndiye aliyelowa.

Mwalimu alipokagua akakuta waya mmoja wa swichi ya juu umechomoka.

"Nani alifunga swichi hii?"

"Mimi," Koleo akasema.

"Uzembe," mwalimu akasema, na uchunguzi ukaishia hapo. Sekunde sita, labda saba. Huyu ndiye anayetufundisha kwamba jaribio lazima lirudiwe mara tatu.

Koleo ametolewa kwenye klabu. Hilo lingevumilika. Lakini ana fomu ya kuingia chuo cha ufundi, na fomu hiyo lazima isainiwe na mwalimu wa klabu kabla ya tarehe 30 Juni, na mwalimu amesema mbele ya watu kwamba hasaini fomu ya mzembe. Koleo hana chuo kingine, hana mpango mwingine, hata ndoto zake nadhani zina waya ndani.

Sasa neno lenyewe. Swichi ina miguu mitatu ya bati. Mmoja ni wa pamoja, na kati ya miwili iliyobaki unachagua mmoja. Kitabu kinasema kwa Kiingereza uchague ule ambao swichi, kwa kawaida, iko *closed*. Nikaandika kwenye karatasi ya Koleo: "Swichi ya juu: kwa kawaida imefungwa." Kwa Kiingereza, swichi ya namna hiyo inapitisha umeme. Lakini Koleo hakusoma Kiingereza, alisoma Kiswahili changu. Bomba likifungwa maji hayapiti. Barabara ikifungwa magari hayapiti. Kwa hiyo akatafuta mguu usiopitisha umeme. Na mmoja wa ile miguu umeandikwa NO. Koleo Kiingereza chake ni kidogo, lakini hilo analijua: hapana. Umeme hapana. Akaufunga huo, akaukaza vizuri sana.

Naomba uniambie ukweli, ni kosa langu? Lakini ukiweza, niambie hapana.

Binti wa kaka yako

&nbsp;

Chumba cha mashine, ghorofa ya kumi na nne
17 Mei

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mgongo haujatulia na hautatulia mpaka wachoraji wa majengo waanze kubeba mota wenyewe. Kaka yangu hajambo? Mwambie nimeona picha aliyotuma, na kitambi ni chake, asisingizie shati. Mama yako msalimie bila utani.

Barua yako nimeisoma mara mbili nimekaa juu ya ndoo ya grisi. Kwanza nimecheka. Jagi la maji nimelipenda mno, na huyo jaji aliyelowa nimempenda zaidi. Watu wa maonyesho nawajua. Kila lifti mpya ikizinduliwa, wanakuja kumi, wanasimama ndani ya lifti ya watu sita, halafu wananiuliza mbona inapiga kengele.

Sasa kazi.

"Funga" ni neno baya kuliko yote katika ufundi wetu. Juzi nilimuuliza fundi mwenzangu kwenye simu, "Swichi ya chini imefungwa?" Akasema imefungwa. Yeye alimaanisha ameikaza kwa skrubu. Mimi nilimaanisha umeme unapita. Mlinzi wa jengo aliyekuwa anatusikiliza akaelewa kazi imefungwa, akaenda kwao. Watu watatu, neno moja, na lifti imekwama katikati ya ghorofa kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi. Kwa hiyo ndiyo, neno lako ni bovu. Siku nyingine andika: "Bila kuguswa, umeme unapita." Hilo halina pa kuponyokea.

Na kwa nini kitabu kinataka umeme upite muda wote? Kwa sababu waya hukatika. Panya, mtikisiko, fundi aliyelala vibaya. Swichi zangu za juu kwenye njia ya lifti zinapitisha umeme mchana na usiku, na lifti inapanda kwa ruhusa ya huo umeme. Waya ukikatika, ruhusa imekwisha, lifti inasimama. Watu wananitukana, wanapanda ngazi, wanafika wakiwa hai. Sijali matusi ya watu walio hai.

Nyinyi mmefanya kinyume. Swichi yenu inakaa kimya siku zote, inatakiwa iseme neno moja tu mwishoni. Na siku ya kusema, ulimi umeguswa lakini waya umechomoka. Ndiyo maana ulisikia tak na mkono ukaendelea. Swichi ilipiga kelele kwenye chumba kitupu.

Huyo mwalimu wako anayeona waya uliochomoka na kusema uzembe ni sawa na daktari anayeona maiti na kusema amekufa. Asante, tumeona.

Lakini kuna kitu hakikai sawa, na ndicho kinachonifanya niandike wakati chai yangu inapoa. Kama Koleo alifunga mguu usio wenyewe, na programu iliandikwa kama kitabu kinavyosema, mkono usingepanda hata siku ya kwanza. Programu ingeona hakuna umeme, ingedhani tumeshafika juu, ingegoma. Mkono wenu ulitakiwa kugoma kama punda. Mbona ulipanda?

Mtu aliujibu mgomo huo. Nitafutie aliyeujibu, na alijibu nini. Machozi usinitumie, nitumie majibu: mguu gani, mstari gani wa programu, tarehe gani.

Shangazi yako

&nbsp;

Bwenini, 26 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na pole na mgongo. Baba anasema kitambi si chake ni cha kamera. Sisi wote wazima. Mvua imenyesha siku tatu na bafu la nje limegeuka bwawa, lakini barua hii siandiki kuhusu bafu. Nimempata!

Nilianza na swichi. Nilimwomba matroni tochi yake, nikasema nimepoteza hereni, wakati wa mapumziko nikaingia maabara, nikaitoa balbu na betri zake. Mguu wa pamoja na mguu wa NO: balbu haiwaki. Nikabonyeza ulimi: inawaka. Mguu mwingine ni kinyume. Kwa hiyo Koleo alifanya kama karatasi yangu ilivyomwambia, tena kazi yake ni safi. Waya haukuchomoka pale alipoukaza yeye. Ulichomoka kwenye plagi upande wa kompyuta, mahali ambapo Mheshimiwa huchomeka na kuchomoa kila akitaka kupiga picha na roboti, kwa kuwa waya zinamharibia picha.

Halafu programu. Kompyuta ya maabara inatunza kila toleo na tarehe yake, jambo ambalo watu wanaojipenda hawalikumbuki. Mpaka tarehe 11 Aprili mstari unasema: umeme ukipita, panda. Toleo la tarehe 12 Aprili linasema: umeme usipopita, panda. Neno moja. Na pembeni yake ameandika, Shangazi, kaa vizuri kwenye ndoo yako: "Tatizo la swichi limetatuliwa na nahodha."

Limetatuliwa! Mkono uligoma, ukawa unasema kwa lugha pekee unayoijua kwamba kuna kitu kimefungwa vibaya, na yeye akaukata ulimi akauita ufumbuzi. Ni kama mtu ambaye mtoto wake analia njaa akanunua pamba za masikio. Huyu ndiye aliyechaguliwa kuwa nahodha kwa kura zote. Nilidhani tai ile inabana shingo tu, kumbe inabana mpaka huku juu. Ungemwona jana akiwaeleza wadogo wa kidato cha kwanza "chanzo cha ajali". Alichora mshale ubaoni. Mshale mmoja, ukielekea kwenye neno "waya". Akaupaka chaki nyekundu. Na tai siku hiyo ilikuwa na alama ya mchuzi, na alipoiona akaigeuza upande wa pili, ikawa na alama mbili. Anatembea kama anafuatwa na mpiga picha. Akipiga chafya anangoja makofi.

Mwalimu naye anamwangalia kama ameshajiona anatajwa kwenye hotuba yake ya kuapishwa.

Nimenakili matoleo yote mawili ya programu, nimeyaweka kwenye bahasha hii. Shangazi, wewe ni mtu mzima na ni fundi mwenye cheti, na kampuni yenu ina muhuri. Ukimwandikia mwalimu barua ya kitaalamu, ukagonga muhuri, atasoma. Mimi nikisema ataniuliza "umesemaje?" mara tatu, na mara ya tatu nitasema "hamna kitu, mwalimu". Andika wewe. Usinitaje.

Koleo bado hazungumzi na mimi, lakini hazungumzi na mtu yeyote.

Binti wa kaka yako

&nbsp;

Chumba cha mashine, ghorofa ya tisa, jengo jingine
8 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi mzima, jengo ndilo linaloumwa. Balbu ya tochi nimeipenda. Hata mimi nilianza na balbu ya tochi. Kipimo chako ni sahihi na hoja yako ni sahihi, na ungekuwa fundi wangu ningekusaini siku hiyohiyo.

Sasa nisikilize, na usiseme shangazi amebadilika.

Umenitumia karatasi nzima ya tai. Nimecheka kwenye chafya, sikatai. Halafu nikatafuta Koleo yuko wapi kwenye barua. Nikamkuta chini kabisa, mstari mmoja, na mstari wenyewe unasema hazungumzi na wewe. Kana kwamba shida yake ni wewe! Msichana anapoteza chuo, wewe unanihesabia alama za mchuzi.

Muhuri sigongi. Kwanza si wangu. Pili, mwalimu akisoma barua ya fundi wa lifti asiyemjua, ataiweka chini ya kikombe cha chai. Tatu, na hili ndilo lenyewe: nimesoma matoleo yako na tarehe zake. Tarehe 12 Aprili mkono uligoma, Mheshimiwa akageuza mstari. Klabu mko watatu. Daftari la kazi linaandikwa na karani. Karani ni nani?

Niambie daftari la tarehe 12 Aprili linasema nini. Usinifupishie. Neno kwa neno.

Usidhani nakuhukumu nikiwa nimekaa pazuri. Mwaka wangu wa tatu kazini bosi alitaka lifti iwake kabla ya wageni kufika. Swichi ya juu ilikuwa inasumbua, nikairuka kwa kipande cha waya ili umeme upite bila kuipitia, nikanyamaza. Bosi mwenyewe ndiye aliyepanda wa kwanza. Akapita ghorofa ya mwisho, akakwama huko juu, nikawa nazungumza na soli za viatu vyake saa moja na nusu. Hakuumia. Aliniuliza, "Ulijua?" Nikasema, "Nilidhani." Alijua nadanganya, na mimi nilijua anajua, na lile "nilidhani" linaniwasha mpaka leo kuliko mgongo.

Kumdharau mjinga ni kazi rahisi, mwanangu. Inafanyika umekaa, tena kwa siri.

Shangazi yako

&nbsp;

19 Juni

Binti wa kaka yangu,

Hujambo? Siku kumi na moja kimya. Nimempigia mama yako, anasema ulionekana siku ya wazazi, ulikula vizuri, hukusema kitu. Kwa hiyo si ugonjwa, ni mimi.

Nilichoandika sikifuti. Ila tarehe 30 haijasogea, na nafikiri unaijua.

Shangazi yako, hata ukikasirika

&nbsp;

Maabara, 28 Juni, mchana

Shangazi,

Shikamoo. Sijakasirika, au nilikasirika siku nne, halafu nikaona haya, na haya ndiyo iliyochukua muda mrefu. Mgongo unaendeleaje?

Uliniomba neno kwa neno. Daftari linasema hivi: "12 Aprili. Mkono uligoma kupanda. Nahodha amerekebisha tatizo la swichi. Tumepiga makofi."

Mwandiko wangu, na wino wa kijani niliokuwa naringia.

Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimesoma ukurasa wa ishirini na sita wa kitabu. Upo pale kwa herufi nzito, unasema mkono ukigoma usiguse programu, kagua waya kwanza, kwa sababu ukigeuza programu, siku waya utakapochomoka hakuna kitakachousimamisha. Ukurasa huo sikuugeuza Kiswahili. Karatasi ilikuwa imejaa na hakuna aliyeuliza. Mheshimiwa alipokuwa anageuza ule mstari nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Niliuona. Nilielewa kila kitu, mpaka neno langu "imefungwa" nililiona limesimama pale linanitazama. Ningesema, ingebidi nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu wawili. Watu wawili tu, Shangazi. Halafu Mheshimiwa akageuka akasema, "Karani wetu, andika hilo." Hakuwahi kunisemesha kabla ya hapo. Nikafurahi. Nikaandika. Nikapiga makofi, na nadhani nilianza mimi.

Kwa hiyo ile karatasi nzima ya tai niliiandika kuhusu mtu niliyempigia makofi.

Nilimfuata Koleo Jumamosi nyuma ya bweni, kwenye kamba za nguo. Alikuwa anakamua shuka.

"Koleo, ile karatasi ya swichi."

"Naijua."

"Niliposema imefungwa, nilimaanisha umeme unapita."

Akaacha kukamua. "Unapita? Kitu kimefungwa halafu kinapita?"

"Kwa Kiingereza—"

"Kwa Kiingereza mlango ukifungwa watu wanapita?"

"Mlango hapana. Swichi ndiyo."

"Na NO je? Si hapana?"

"Ni herufi za mwanzo za maneno mawili, normally open, kwa kawaida iko wazi."

Alicheka. Si kicheko kizuri. Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, shuka mapajani, maji yakimchuruzika kwenye miguu. "Wiki saba," akasema, "wiki saba najiuliza ni wapi nililegeza. Nimefungua kila skrubu kichwani mwangu." Halafu akaacha kucheka. "Na Mheshimiwa alipogeuza programu, ulijua?"

Nilitaka kusema nilidhani.

"Nilijua," nikasema.

Alinitazama kuanzia viatuni. "Kiingereza chote hicho," akasema, "ulikuwa unamtunzia nani?"

Akaanika shuka yake, akaenda. Siku tatu hakunisemesha, na safari hii alikuwa anawasemesha wengine wote. Siku ya nne alisimama kando ya dawati langu na swichi mpya kwenye kiganja. "Leta tochi ya matroni," akasema. "Na uache kunitazama hivyo, sijakusamehe. Nataka mtu wa kusoma."

Mchana wote wa jana na leo tumekuwa hapa maabara. Reli ameinyoosha kwa nyundo na ubao. Gia tumezitoa kwenye mashine ya kunakili iliyokufa. Nimemsomea ukurasa wa ishirini na sita kwa Kiswahili, na kila nilipofika kwenye neno "funga" alinisimamisha: "Ya bomba au ya skrubu?" Mwishoni tumelifukuza kabisa. Tunasema "unapita" na "haupiti", na kukaza tunasema kukaza. Mimi nimerudisha mstari wa programu ulivyokuwa tarehe 11 Aprili. Kwa kidole changu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha Mheshimiwa.

Halafu tumeujaribu. Mkono ukapanda, ukagusa ulimi, tak, ukasimama. Tumerudia mara tatu. Nikadhani tumemaliza. Koleo akaushusha chini kabisa, akauwasha tena, na ulipofika katikati akatoa koleo mfukoni akaukata waya wa swichi. Kata, hivyohivyo, waya mzima ambao alikuwa ameufunga mwenyewe kwa nusu saa, samahani, aliokuwa ameukaza.

Mkono umesimama papo hapo. Katikati ya hewa, na kreti umeishikilia, bila hata kutikisika.

Koleo akaanza kumenya waya mwingine ili auweke upya, kwa sababu tunataka mwalimu aone hilo kwa macho yake, si kusikia kwangu. Nilikwenda kumwita asubuhi, ofisini, walimu wakiwa tele. Nilisema, "Mwalimu, naomba uje maabara saa tisa." Akasema, "Umesemaje?" Nikasema tena. Akasema, "Kuna nini huko?" Nikasema, "Kuna mkono." Walimu wawili walicheka. Mheshimiwa alikuwepo, ameleta rejista, akasema naye atakuja "kushuhudia". Aje.

Daftari la kazi nimelifungulia ukurasa mpya. Nimeandika kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiingereza, ili pale chuoni pasiwe na mtu wa kusoma anachotaka. Nimeandika kwamba Koleo aliunganisha swichi kama karatasi ilivyomwelekeza na kazi yake haikuwa na kasoro. Karatasi niliiandika mimi, na neno lilikuwa bovu. Programu iligeuzwa tarehe 12 Aprili na nahodha. Nilikuwepo, nilijua hatari yake, nikanyamaza, nikaandika makofi. Nimetia jina langu lote mpaka la babu. Mwalimu akitaka mahali pa kuandika uzembe, nimemwachia nafasi pembeni ya jina hilo. Fomu ya Koleo nimeibana kwenye ukurasa huohuo kwa pini. Zimebaki siku mbili.

Bado namdharau Mheshimiwa, hilo halijapona, lakini sasa angalau

Wanakuja. Nasikia viatu kwenye korido, jozi mbili. Jozi moja inaburuza kisigino, ya mwalimu. Nyingine inagonga sakafu kama inaenda kukata utepe. Koleo amekaza waya wa mwisho, ameuwasha mkono, amesimama na koleo mkononi. Anasema, "Ficha hiyo barua ya shangazi yako, wataanza kusoma hiyo waache ya maana." Nimeanza kuisukuma chini ya kreti, na mkono wangu mwingine, kwa mazoea tu, umeshalishika daftari ulifiche nalo.

"Hilo hapana," Koleo anasema.

Naliacha hapohapo